Sauti yako ianzie kwenye mita

Mwanangu,

Marahaba. Unasema ukiongea saiti, fomeni anamgeukia saidia fundi wako, eti athibitishe. Kaunta ya benki, ulikokuwa kabla ya ufundi, ilikuzoesha kumalizia kila jambo na "sijui mnaonaje?" Kule ilifaa. Kwenye umeme unakuwa umewafungulia watu mlango wa kubishania waya.

Taja namba. Kuna kesi utakutana nayo mapema: laini ya taa imevutwa kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, breka ya ampea 10 inakatika kila siku, mwenye nyumba anataka umwekee ya 32 "isimsumbue." Mwambie taratibu: "Waya huu ukiwa ndani ya paipu ukutani haubebi hata ampea 20. Breka ya 32 itatulia huku waya unaungua." Halafu nyamaza, katafute chanzo. Mara nyingi kuna mtu alichukua umeme wa soketi kutoka kwenye laini ya taa. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500, kwa volti 230, ni ampea 15 na ushee. Breka haina kosa. Soketi ivutiwe laini yake ya 2.5 kutoka kwenye boksi la breka.

Mahali pa kuwa mkali kabisa ni kabla hujashika kitu. Mtu akikupigia kelele "nimeshazima, dada, endelea," jibu lako ni moja: "Napima kwanza." Zima breka, ifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Pima mita kwenye soketi yenye umeme, isome 230 au karibu na hapo. Nenda unapofanyia kazi: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Kisha rudi kwenye ile soketi ya kwanza. Hatua hii ya mwisho ndiyo wanayoiruka, na ndiyo inayokuambia kama sifuri uliyoiona ni ya kweli au waya wa mita umekatikia ndani. Bisibisi ya tesita usiiamini. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao kavu inaweza isiwake na umeme upo.

(Glavu za wanaume zikikupwaya, nunua za saizi yako. Glavu kubwa hunaswa na drili.)

Ukikaza skrubu ya nyutro, vuta waya. Ukichomoka, ulikuwa umebana plastiki badala ya shaba. Kiungo cha namna hiyo huwasha taa vizuri tu leo, kisha hupata joto kidogo kidogo hadi soketi inakuwa ya kahawia na kunuka.

Kuhusu wale uliosema wanadai kazi yako ni yao: kabla ya kuwasha, chomoa vifaa vyote, piga mega (kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye waya) ya volti 500 kati ya laivu na ethi, na nyutro na ethi. Chini ya megaom 1, usiwashe. Andika kila usomaji kwenye kadi, tarehe, jina lako, ubandike ndani ya mlango wa boksi la breka. Fomeni akitaka kujua, atasoma jina lako. Ila usitie sahihi kazi inayozidi daraja la leseni yako ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hata wakikubembeleza.

Mama yako anakusalimu. Na betri ya mita, ile alama ikianza tu kuwaka, ibadilishe siku hiyo hiyo.

Baba