Mtoto apunguziwe maksi kwa ajili ya kihariri?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niongee kuhusu kihariri, ile programu ya kuandikia kwenye kompyuta lakini, siyo wewe mkubwa wangu. Mdogo wangu anasomea kutengeneza tovuti kwenye chuo kimoja hapa Kampala, wanafundishwa Ruby on Rails, zana ya kujengea tovuti, na wiki ya kwanza tu mwalimu kawaambia wote wapakue programu moja kubwa ya kuandikia kodi, yaani maagizo ya kompyuta, eti bila hiyo darasani usije. Laptopu yake ya mtumba, RAM giga 2, bando likakata haijamaliza kushuka akanunua lingine, na ilipofunguka feni ikalia kama mashine ya kusaga posho halafu skrini ikaganda, mtoto ananiambia kaka mi naona hii kazi siyo yangu.

Nikamwekea Vim, kihariri kingine. Ndogo, inakimbia kwenye terminali, lile dirisha la maandishi matupu, na tangu toleo la 8 la mwaka 2016 plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, unaidondosha tu kwenye folda ya start iliyo chini ya pack, ikiwaka inaisoma yenyewe. Nikamtupia moja tu, rails.vim ya Tim Pope, ya kurukia mafaili ya Rails. Weka kishale juu ya neno comments pale kwenye mstari wa has_many, unaosema kitu kimoja kina vingi, bonyeza gf, faili la modeli, lenye maelezo ya data ya hizo comments, hilo hapo. Ukiwa kwenye kontrola, faili linalopokea maombi ya ukurasa, ndani ya metodi, kipande cha kodi cha kazi moja, andika :R unatua kwenye template yake, faili la umbo la ukurasa, :A inakupeleka kwenye testi, faili la kujaribia kodi. Akacheka, maana alizoea kufungua folda moja moja na mausi mpaka anasahau alifuata nini. Plagini zingine ataongeza akibanwa na shida, siyo akiamrishwa. Sikatai, siku mbili za mwanzo hata kutoka ndani ya Vim ilikuwa vita.

Halafu ile skrini ya kwanza ya Vim inaomba wasaidiwe watoto maskini wa Uganda, akaniuliza nani kaandika haya? Ni Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitengeneza, mwaka 1994 alifanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, ile ya Rakai kusini mwa Uganda siyo ya Bunyoro, ndiyo maana Vim ni bure ila ukiipenda unaombwa uchangie watoto wa huko. Kafariki Agosti 2023. Darasa zima la Waganda na hakuna aliyewaambia!

Sasa mwalimu anasema atampunguzia maksi kwa kutotumia programu ya darasa. Mhariri, inasahihishwa tovuti au dirisha ilikoandikiwa? Nauliza tu.

Kaka wa mwanafunzi,
Kampala