Wanaorudi chuoni ukubwani wanakwama kwenye vyeti, si kwenye masomo

Ndugu Mhariri,

Dirisha la udahili wa shahada likifunguliwa, kwa kawaida Julai, hujitokeza watu wa miaka thelathini na arubaini wanaotaka kurudi kusoma: walimu wenye cheti, wauguzi, makarani, kinamama ambao watoto wao sasa wamekua. Wengi huambulia patupu, na mtaani husemwa umri umewapita. Umri hauna kosa. Kinachowaangusha ni hesabu za vyeti, ambazo wengi hawaelezwi mpaka washalipia maombi.

Chukua waliomaliza kidato cha sita. Sharti la msingi ni masomo mawili yaliyofaulu kuanzia E kwenda juu, yenye jumla ya pointi 4. Kwa aliyemaliza kabla ya 2014, na aliyemaliza kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Waliomaliza 2014 na 2015 wana jedwali lao, maana miaka ile kulikuwa na B+: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili za 2012 ana pointi 4 na anavuka, na mwenye D mbili za 2015 ana pointi 2 tu. Ndugu wawili wa nyumba moja, vyeti vinafanana herufi kwa herufi, mmoja anapokewa na mwengine anakataliwa. Asiyejua sababu hudhani kuna upendeleo.

Walioishia kidato cha nne hupita njia ya cheti, kisha stashahada. Kozi ya cheti inataka ufaulu wa masomo manne kuanzia D, na hapa ndipo Wazanzibari wengi wanapoumia: masomo ya dini hayahesabiwi. Mwenye Kiswahili, Historia, Kiarabu na Elimu ya Dini ya Kiislamu ana masomo matatu, si manne. (Kiarabu ni somo la lugha, hicho kinahesabiwa, watu huchanganya.) Dawa yake ni kurudia somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, na matokeo ya mitihani miwili huunganishwa. Lakini mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba na majibu hutoka Januari. Aliyegundua upungufu wake Julai ameshapoteza mwaka mzima kwa somo moja.

Mwenye stashahada asidhani amemaliza kazi. Shahada inataka GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 pamoja na zile D nne za kidato cha nne, ambazo hukaguliwa upya. GPA ya 2.8 haipandi kwa kuandika barua. Wengine huambiwa warudie stashahada nzima, ushauri wa gharama kubwa na mara nyingi hauna haja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina vituo Unguja na Pemba, kina programu ya msingi inayompokea mwenye stashahada ya GPA kuanzia 2.0, au mwenye pointi 1.5 za kidato cha sita kutoka masomo mawili. Ili imfikishe kwenye shahada lazima apate GPA 3.0 katika masomo sita ya lazima, na angalau C katika masomo matatu ya fani yake. Wengi hutazama GPA pekee wakasahau hizo C tatu.

Kisha kuna majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Khamis Ali Juma, cha stashahada Hamisi Ally Juma, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimeongeza jina la nne. Mfumo wa udahili humtambua mtu kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo jina la cheti hicho ndilo mzizi, nacho hakibadilishwi kirahisi. Nyaraka nyengine ndizo zikifuate. Tofauti ya herufi hueleweka kwa kiapo. Jina zima likitofautiana, hutakiwa hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Aliyefanya mtihani mara mbili aandike namba zote mbili. Akificha ya kwanza, masomo aliyofaulu humo hayaonekani.

Mikopo ndiyo inayovunja moyo zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania imekuwa ikiweka kikomo cha miaka 35 kwa mwombaji, na hutaka awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Mtu wa miaka 42 aliyemaliza skuli zamani apange ada kwa mfuko wake, au aulize masharti ya bodi ya Zanzibar kabla ya kutegemea lolote. Mtumishi wa umma naye aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kujisajili, maana shahada iliyosomwa bila ruhusa huleta mzozo siku ya kuomba kupandishwa daraja.

Vyuo vyetu viweke dawati la kusoma vyeti bure kuanzia Januari, mara matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, na lisiwe Tunguu, Unguja, peke yake. Liwepo pia Mchanga Mdogo, huku Pemba, kwa sababu mtu wa Micheweni hapaswi kupanda boti kuja Unguja ili aambiwe kwamba Dini haihesabiwi.

Mshauri wa udahili,
Wete, Pemba