Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: Miome ilijengwa na nani?

Kwa Mheshimiwa Naibu Chansela,
Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor.

Assalamu alaikum.

Juzi barazani kwetu, kahawa ikali moto, palizuka ubishi: Miome, chuo cha zamani kilichokuja kuwa chuo chako, ilijengwa na nani? Mmoja akasema Mngereza. Wa pili akasema Seyyid Khalifa, Sultani wa Unguja. Mzee wa tatu akagonga bakora chini: "Aga Khan!" Nikawaacha wachoke, maana kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli. Ndipo nikaona nikuandikie.

Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ndiyo MIOME, iliundwa kisheria mwaka 1948 na ikapokea wanafunzi wa kwanza 1951. Fedha zilitoka kwa Sultani, kwa Aga Khan wa Tatu, imamu wa Waislamu wa Kiismailia, kwa Mabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, na kwa serikali ya kikoloni. Marehemu mjomba wangu alisoma pale miaka ya hamsini. Alitoka Lamu kwa jahazi na sanduku la bati, akarudi fundi wa mitambo. Jina la chuo lilibadilishwa 1966, likabadilishwa tena 1972, yeye hadi anazikwa alisema Miome tu.

Niruhusu nikae kidogo kwa huyo Aga Khan, kwa kuwa nyumba yake haikutoa mara moja ikaenda zake. Sultan Mahomed Shah, kabla hata ya kutufikiria sisi, alizunguka India akichangisha fedha ili chuo cha Waislamu cha Aligarh kiwe chuo kikuu, kikawa mwaka 1920. Mwaka 1946, katika jubilei yake ya miaka sitini ya uimamu, alipimwa uzito wake kwa almasi Dar es Salaam. Watu hukisimulia kisa hicho kwa kicheko, wala hawaulizi thamani ya almasi ilikwenda wapi. Ilifanywa mtaji wa kuwakopesha watu wajenge nyumba na kufungua biashara. Na tusimpe yeye sifa zote: waliochanga ni waumini wake, wengi wao wenye maduka.

Alipofariki 1957, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Karim, kijana wa miaka 20 aliyewahi kuishi Nairobi utotoni wakati wa vita. Huyo ndiye aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Aga Khan huko Karachi mwaka 1983, kikaja kufika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Lililonigusa mimi ni wapi walipoanzia. Karachi walitangulia kufundisha wauguzi, madaktari wakafuata. Huku kwetu vilevile, walianza na wauguzi waliokuwa tayari kazini, wakasoma bila kuacha ajira. Tajiri hupenda jengo lenye jina lake juu ya mlango. Muuguzi wa zamu ya usiku hana mlango wa kuandikwa jina la mtu.

Kisha kuna habari ya vyuo vyetu vya Kurani. Miaka ya themanini wazee wa Pwani walimlalamikia Karim kwamba watoto wao wanaachwa nyuma shuleni. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said akaanza kazi hapa hapa Mombasa: mtoto ajifunze Kurani na hesabu chini ya paa moja, kwa vifaa vilivyookotwa mtaani, vifuu na mbegu. Mpango ukavuka hadi Unguja, kisha Uganda. Wengi wa watoto hao si Maismailia. Waliombwa jambo, wakalifanya lile lile waliloombwa.

Mheshimiwa, ombi langu ni ukuta mmoja katika majengo ya zamani. Uandikwe kwa Kiswahili kwanza: nani alitoa, alitoa kwa ajili ya nani, na baadaye ikawaje. Hilo la mwisho ndilo zito. Miome iliwekwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu, kisha milango ikafunguliwa kwa wote. Wapo wazee wanaoona wakfu wao ulichukuliwa. Mimi simo: Mgiriama au Mtaita aliyepata ufundi pale hakumpunguzia mjomba wangu kitu. Lakini liandikwe, pamoja na masharti ya awali, kuliko kuachiwa sisi wa barazani tulipike kila jioni.

Na mfadhili mwingine akija kesho, akubali masharti yake kubandikwa hadharani, na watu wa Tudor waulizwe wanachohitaji kabla msingi haujachimbwa.

Jambo la haraka ni wazee wenyewe. Aliyeingia Miome 1951 akiwa na miaka kumi na sita sasa amepita tisini. Watume wanafunzi wenye simu na subira, wawarekodi. Karim mwenyewe alifariki Februari 2025 na kuzikwa Aswan, alikozikwa babu yake. Walioyashuhudia hayo hawatungoji.

Nina picha ya mjomba, amesimama na wenzake mbele ya jengo, kofia zimenyooka. Nyuma ya picha ameandika majina ya wote kwa hati za Kiarabu. Nambie niilete ofisi gani, na siku gani.

Wako,
Mkaazi wa Mombasa