Barua kwa Lohay kuhusu usukani wa Massey Ferguson

Moshi

Mpendwa rafiki yangu Lohay,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unaposema kwamba usukani wa haidroliki uliofungiwa kwenye Massey Ferguson 135 yako huwa mwepesi jembe likiwa juu kabisa, lakini ukilishusha na kuanza kulima unakuwa mzito kuliko ule wa zamani. Kwa dalili hizo, sioni sababu ya kununua orbitroli nyingine, yaani valvu ya usukani inayopeleka mafuta kwenye silinda ya kugeuzia magurudumu, kama fundi anavyokushauri.

Nashuku kwamba mafuta ya usukani yamechukuliwa kwenye pampu ya kunyanyulia jembe. Pampu hiyo imo nyuma, ndani ya nyumba ya gia, ikizungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu za injini kwenye zana za nyuma, na valvu yake huruhusu mafuta kuingia pale tu mikono ya kunyanyulia jembe inapotakiwa kupanda. Mikono ikitulia, pampu huzunguka bila kusukuma chochote. Orbitroli ya kawaida, kwa upande wake, inataka mafuta yapite ndani yake muda wote injini inapowaka. Ikiyakosa, magurudumu yanageuzwa na mabega yako tu.

Kabla hujatoa hata shilingi, simamisha trekta mahali tambarare, gia ikiwa huru na PTO imeingizwa, usukume wenzo wa kunyanyulia mikono hadi mwisho wake na kuuacha hapo, ili pampu iendelee kusukuma mafuta hata mikono ikishafika juu, kisha uzungushe usukani huku ukikanyaga klachi hadi chini kabisa. Usukani ukiwa mgumu kama jiwe mara shafti inaposimama, jibu tumelipata, kwa sababu klachi ikifika chini hukata PTO na pampu pamoja nayo. Sasa fikiria unashuka mteremko na tela la mahindi, unakanyaga klachi ubadilishe gia! Hadi lirekebishwe, tafadhali usiliendeshe barabarani.

Dawa yake ni pampu ya peke yake inayoendeshwa na injini, yenye tangi na chujio lake, kama zilivyokuwa 135 zilizotoka kiwandani na usukani wa aina hiyo. Tena mafuta ya nyumba ile ndiyo yanayolainisha gia, na chembe za chuma zinazosagika humo zitaikwaruza orbitroli yako upesi.

Pampu mpya ikishafungwa, nyanyua ekseli ya mbele kwa jeki, iegemeze juu ya magogo imara, halafu zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, injini ikizunguka taratibu, mpaka hewa itoke. Mafuta yakiendelea kutoa povu tangini, kagua kwanza mpira unaotoka tangini kwenda kwenye pampu na klipu zake. Ukitafuta palipovuja kwenye mipira ya presha, pitisha kipande cha boksi, kamwe si kiganja, maana mafuta yenye presha hutoboa ngozi.

Ama kuhusu swali lako la kuzungusha usukani mara nyingi zaidi upande mmoja kuliko mwingine, huo si ugonjwa: silinda yako ya usukani ina fimbo upande mmoja tu, na fimbo hiyo hula nafasi ya mafuta.

Niandikie matokeo ya jaribio la klachi, na unieleze kama mbele ya injini pana nafasi ya kufunga puli ya pili, ili nikuulizie pampu hapa mjini. Shemeji na watoto wasalimie sana.

Wako,
Temba