Kwa Wanangu Mnaosubiri Majibu ya Vyuo

Wanangu mlioomba nafasi za uzamili na uzamivu ng'ambo,

Ninawaandikia nikiwa nimeudhika, na ni vyema mkalijua hilo mapema. Februari ya mwaka jana, kijana niliyemfundisha na kumwandikia barua ya mapendekezo alidahiliwa shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Marekani, bila ufadhili hata wa senti moja, akitakiwa kulipa amana ya kushikilia nafasi ndani ya wiki mbili. Idara alizoomba uzamivu, ambazo huwalipia wanafunzi wao ada na posho ya kujikimu, zilikuwa bado kimya. Kwa kuwa ukimya huo ulikuwa umemnyima usingizi tangu Januari, na kwa kuwa katika kundi lao la WhatsApp kila uchao kulikuwa na mtu anayetangaza kukubaliwa, alijihukumu mwenyewe kwamba amekataliwa kote. Mama yake akauza kiwanja kwa bei ya mtu mwenye haraka. Machi ilipokaribia kwisha, mojawapo ya idara zile ilimpa nafasi yenye ufadhili kamili. Ameichukua, namshukuru Mungu, lakini amana haikurudishwa, na kiwanja sasa kina msingi wa nyumba ya mtu mwingine.

Hakuna aliyemdanganya kijana yule. Alishindwa na wiki chache za kutojua, na kila nikiwatazama nyinyi naona wengi mko njiani kumfuata. Eleweni basi kinachotendeka huko mnakosubiri majibu. Maombi mengi ya uzamivu Marekani hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari. Mafaili yenu husomwa na maprofesa walewale wanaofundisha, kusahihisha na kuendesha maabara, ambao hukutana katika kamati, huwaita baadhi ya waombaji kwenye usaili, kisha hutoa nafasi za awali na kuwaweka wengine katika orodha ya kusubiri, pengine bila kuwaarifu. Mwombaji aliyekubaliwa vyuo vitatu atakwenda kimoja tu, na nafasi anazoziacha ndizo zinazoisogeza orodha hiyo hadi Aprili.

Vyuo vingi vya Marekani vimeridhia azimio la Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kuijibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Nisomeni vizuri hapa: azimio linahusu nafasi zenye ufadhili. Uzamili wa kujilipia haumo, chuo kinaweza kudai amana kwa tarehe kinayoitaka, na ndiyo maana barua inayotaka fedha zenu inaweza kutangulia ile inayowapa fedha. Ikiwafikia, ombeni kwa maandishi muongezewe muda, na siku hiyohiyo ziandikieni idara nyingine, kwa adabu na kwa ufupi, kwamba mna nafasi yenye ukomo na mngependa kujua maombi yenu yamefikia wapi. Kijana wangu hakuandika hata mstari mmoja.

Walioomba Chevening, ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, nao wanalalamika Machi, ilhali matokeo yake kwa kawaida hutoka Juni. Wengine mnakesha mkifungua ukurasa wa maombi, kwa sababu saa za kazi za New York wakati wa baridi huanzia saa kumi na moja jioni kwetu na kwisha saa saba usiku. Laleni, barua mtaikuta asubuhi. Msiache kazi. Msimlipe dalali yeyote anayedai ana mtu ndani ya kamati. Pasipoti ziwe hai.

Nanyi wazazi, wajomba na majirani mnaouliza kila Jumapili, "Vipi, umeshapata?", mnajua mnawaongezea mzigo. Vyuo vyetu pia vina lawama, kwani nimeona mhitimu akihangaikia hati ya matokeo kwa miezi huku tarehe ya mwisho ikimkaribia. Na nchi inayomtaka mkufunzi msaidizi awe na uzamili ndipo apande cheo, kisha ikamwachia mfadhili wa kigeni amsomeshe, haina haki ya kushangaa mama zetu wanapouza ardhi.

Kuna jambo linaloniuma nikiwaona mkilia. Jibu la kukataliwa halipimi akili zenu, wanangu. Mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipobana fedha za utafiti, idara kadhaa zilipunguza idadi ya wanafunzi wapya, na UMass Chan Medical School, chuo cha tiba cha jimbo la Massachusetts, ilifuta hata nafasi ilizokwisha kutoa. Waliopoteza nafasi hizo walikuwa wamefaulu kila kitu walichotakiwa kufaulu. Mkikataliwa, njooni kwangu na barua zenu, tusome pamoja maelezo mliyoandika ya utafiti mnaotaka kuufanya, tuone pa kurekebisha kabla ya Desemba.

Na wewe uliyekwisha kupata nafasi mbili zenye ufadhili na kujua moyoni utakwenda wapi, usiikalie ile nyingine hadi tarehe 15 kwa ajili ya fahari tu. Waandikie leo kwamba hutaichukua, kwa maana kuna mtu katika orodha yao anayeingojea.

Mwalimu wenu mstaafu,
Morogoro