Hawakumtazama Miguu?

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimecheka peke yangu uliposema Macbeth wa tamthilia ya Shakespeare alilogwa, kwamba bila wale wachawi watatu waliomtabiria ufalme asingemuua mfalme wake, angekufa jemadari mwema wa Uskoti. Sikubali, shoga. Banquo, jemadari mwenzake, alikuwa naye palepale nyikani, maneno aliyasikia kwa masikio yake, na yeye akaahidiwa kwamba uzao wake utatawala. Mbona hakuua mtu? Tena wachawi walisema utakuwa mfalme, basi. Kisu hawakukitaja. Macbeth ndiye aliyeshtuka, hadi Banquo akamuuliza mbona anaogopa habari tamu kama hizo. Mtu hushtuka vile akisikia siri yake imetoka kinywani mwa mwingine.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni cha Othello, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Juzi nilikuwa namsimulia mama huku tunachambua mchele: Iago anavyomdanganya mkuu wake Othello kwa ile leso, aamini mkewe Desdemona anazini, hadi Desdemona ananyongwa kitandani kwa kosa asilolijua. Mama akaniuliza, "Hawakumtazama miguu?" Unamjua mama. Kwake jini hata avae kanzu ya hariri, kwato zitamuumbua.

Nikaweka ungo chini, maana Othello ndivyo alivyofanya! Akishajua yote, anatupa macho kwenye miguu ya Iago, halafu mwenyewe anakiri hizo ni hadithi tu. Bado hakuridhika, akamchoma: kama ni shetani, hatakufa. Iago akamjibu kwamba damu inamtoka, ila hajafa. Hapo, nakiri, Shakespeare anakupa wewe nusu ya kesi, maana damu ni ya mtu, na kufa hafi.

Nusu iliyobaki ni yangu. Katika hadithi ya Cinthio ya mwaka 1565, ambayo Shakespeare aliichota kutoka Italia, yule askari aliyekuja kuwa Iago alimtaka Desdemona, akamkosa, pendo likageuka chuki. Sababu hiyo hata sokoni wataielewa. Shakespeare kaiacha ikafifia. Iago wake leo analalamika cheo kapewa Cassio, kesho anadai kasikia Othello kalala na mke wake yeye Iago, na hata kuthibitisha hajali. Mtu anatafuta sababu baada ya kuamua. Ningepewa pepo wa kumsingizia ningelala vizuri zaidi.

Mama akataka kujua, alipokamatwa alisema kwa nini? Nikamwambia alisema wasimuulize, tangu saa ile hafungui tena mdomo.

"Jini ukimpunga," mama akasema, "hutaja jina lake na anachotaka. Huyu kagoma kabisa?"

"Kagoma."

Akaguna, akauvuta ungo kwake.

Nijibu kabla ya Idi, na kile kitabu changu usikisahau.

Wako,
Shoga yako wa Tanga