Usisubiri Mwajuma avunje ungo

Mwanangu Rehema,

Salamu kwako na kwa baba Mwajuma. Umeniambia ile karatasi ya shule, ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, umeiweka kando mpaka Mwajuma avunje ungo. Nakuomba uitoe, uijaze. Ana miaka 10, na wakati wake ndio huu.

Chanjo hii haifuati kubaleghe. Lililo muhimu ni kwamba ichomwe kabla kirusi kinacholeta saratani hiyo, kiitwacho HPV, hakijamfikia. Virusi vya HPV hupita kwa kugusana ngozi, hasa wakati wa kujamiiana, na wengi huvipata mapema tu baada ya kuanza ngono, bila maumivu wala dalili. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikigoma kutoka, hasa aina ya 16 na ya 18, huharibu seli za mlango wa kizazi polepole, na saratani huchukua kama miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Chanjo huvizuia kuingia, vikishaingia haivitoi. Tena mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hutengeneza kinga nyingi kuliko wa msichana mkubwa.

Jirani yako anayesema "lazima dozi mbili" hakudanganyi, anakumbuka utaratibu wa zamani. Tanzania ilipoanza kuchanja nchi nzima mwaka 2018, walichanjwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zilizopishana miezi sita. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa Mwajuma moja inatosha.

Kwa binti wa wifi yako anayetumia dawa za VVU, haitoshi. Kinga yake inahitaji msukumo zaidi: angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Usiliache hili litegemee foleni ya shuleni, ambako hakuna anayejua hali yake wala hapaswi kutangaziwa. Mpeleke kliniki anakochukulia dawa, muuguzi ampangie tarehe.

Siku yenyewe Mwajuma ale kwanza, avae nguo ya mikono mifupi. Ni nusu mililita tu, kwenye msuli wa juu ya mkono. Baada ya hapo akae chini dakika 15. Wasichana wa umri huu huzimia kwa hofu, hasa wakitazamana kwenye foleni, na hatari iko kwenye kuanguka na kugonga kichwa. Mkono utamuuma siku moja mbili, pengine kichwa au homa ndogo. Parasetamo kwa kipimo cha umri wake itatosha. Akiamka siku ya chanjo na homa kali, asichanjwe kwanza, asubiri apone. Asiyefaa kabisa ni aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyopita au kwa kitu kilichomo ndani yake, na mjamzito husubiri mpaka ajifungue.

Kuhusu hayo maneno kuwa inafunga kizazi: ndani ya chupa, kitu cha kirusi kilichomo ni protini ya ganda lake tu, haina vinasaba, haiwezi kuzaliana, wala hamna homoni. Kinachoondoa kizazi cha mwanamke ni saratani yenyewe, maana upasuaji wake mara nyingi huondoka na mfuko wa uzazi.

Na mwanao Salumu? Wavulana hupata masundosundo na saratani za koo na uume kutokana na virusi hivi, na nchi kama Uingereza na Australia huwachanja. Kwetu mpango wa serikali umeanza na wasichana, kwa kuwa wao ndio wenye mzigo mkubwa.

Wewe una miaka 33. Usiikimbilie sindano, nenda kapimwe mlango wa kizazi. Kile kipimo cha siki, ambapo hupaka siki kidogo hapo kuona kama kuna mabadiliko, ni cha dakika chache, na kikiwa safi unarudia kila baada ya miaka mitatu. Mwajuma pia atapimwa akifika 30, kwa sababu zipo aina nyingine za kirusi ambazo chanjo haizigusi.

Timu ikija shuleni siku ambayo anaumwa, mpeleke zahanati akipona, ni bure, mradi hajatimiza 15. Kadi yake iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, na uniambie tarehe waliyopanga.

Mama yako